Wimbo Niliofundishwa Peke Yangu

Mwanangu, ipo siku moja ya Idi ambayo hadi leo nikiikumbuka naweka kikombe cha chai chini. Siku hiyo nilipiga gitaa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, nikashangiliwa, nikarudi chumbani kwangu nikijiona hakuna kijana mwingine Mtwara nzima. Kumbe nilikuwa nimemtia jeraha mtu aliyenipenda kama mwanawe, wala sikujua. Nakusimulia kwa sababu mama yako ameniambia umepata mwalimu wa gitaa, na kwamba mnakaa naye wawili tu kila wiki. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujafika mbali, kaa hapa unisikilize kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka kwetu Ziwani, nikaacha muhogo wa mama shambani, nikaenda mjini kutafuta kibarua, maana Waingereza walikuwa wanajenga bandari na reli kwa ajili ya mashamba yao ya karanga. Mji ulifurika watu. Mchana kutwa tulibeba saruji, na jioni kila mtu alitafuta la kumfurahisha. Langu mimi lilikuwa kusimama kwenye mlango wa duka la Mhindi mmoja aliyekuwa na santuri. Akipiga sahani ya santuri yenye gitaa, nilikuwa siwezi kuondoka. Yule bwana alinizoea, akawa haniulizi tena kama nataka kununua kitu.

Siku moja msimamizi wetu alinituma kwa seremala kuchukua fremu za milango. Seremala huyo aliitwa Fundi Issa, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Chikongola. Wakati anafunga fremu kwa kamba, niliona ukutani gitaa limefunikwa khanga. Mguu wa kuondoka ukagoma.

"Fundi, hilo ni lako?"

"Langu."

"Unapiga?"

Akainua mkono wa kushoto. Kidole cha kati na cha pete havikuwapo. Msumeno wa mashine ulivichukua huko alikokuwa akipasua mbao zamani.

"Nilikuwa napiga," alisema. "Sasa limepumzika."

Sijui nilipata wapi ujasiri, mwanangu. Nilimwomba anifundishe. Akaniambia niende nikaoge saruji, nirudi Alhamisi baada ya alasiri.

Hakutaka malipo. Nilikuwa na rafiki, Musa, tuliyekaa naye chumba kimoja, na yeye alitaka kuja. Fundi Issa alikataa. "Mkiwa wawili," alisema, "kila mmoja atampigia mwenzake. Mimi nataka unipigie mimi." Basi tukawa sisi wawili tu, na mlango umerudishwa, na vumbi la mbao linaelea kwenye mwanga wa dirisha.

Alifundisha kwa mdomo, kwa kuwa mkono haukumtii. Alichukua penseli yake ya useremala, akaweka alama kwenye shingo ya gitaa mahali pa kubonyeza. Nyuzi mbili zilikuwa waya alizozichomoa kwenye breki ya baiskeli, na zilinikata vidole hadi malengelenge yakapasuka. Aliniambia nichovye mkono kwenye maji ya chumvi, kisha nirudie. Nikikosea hakufoka. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasema, "Tena." Miezi mitatu sikusikia neno jingine zaidi ya hilo. Halafu jioni moja nilimaliza kipande kizima bila kukosea, nikainua macho, nikamkuta amefumba yake, na vile vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinacheza juu ya goti lake, vinabonyeza nyuzi ambazo hazipo.

Mwaka ulipotimia ndipo alipoanza kunifundisha wimbo wake mwenyewe. Alikuwa ameutunga ujanani, wakati anamposa mkewe, Bi Somoe, na jina la Somoe lilikuwa ndani yake, likirudiwa kila mwisho wa ubeti. Bi Somoe nilimfahamu. Mara nyingi alikuja karakana na bakuli la kisamvu, akituachia mlangoni bila kuingia, akisema, "Kuleni, walimu wangu." Lakini siku za wimbo huu, Fundi Issa alikuwa anahakikisha kwanza kwamba mkewe yuko nyumbani.

"Selemani," aliniambia, "wimbo huu hautoki nje ya mlango huu mpaka nikwambie mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Sema umekubali."

"Nimekubali."

Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Nilijifunza sehemu ya kwanza, kisha ya pili. Zilikuwa tamu, mwanangu. Mkono wangu ulizizoea hata nikawa nazipiga kwenye mpini wa koleo kazini. Ikafika Idi. Fundi Issa akaniazima gitaa nikae nalo chumbani siku zile tatu, nisipoteze mazoezi. Hebu fikiria mtu anayekupa kitu hicho mkononi, kitu alichokifunika khanga miaka mitano asikiguse.

Siku ya pili ya Idi, baada ya adhuhuri, vijana walikusanyika uwanjani. Palikuwa na ngoma mbili na kinanda cha mkono cha Mngoni mmoja. Wauza vitumbua, watoto na nguo zao mpya, kina mama wamekaa upande wao kwenye majamvi. Musa akanisukuma mbele. "Huyu anajifunza gitaa kila Alhamisi! Leo atupigie!"

Nilipiga wimbo mmoja wa santuri. Watu wakaendelea na mazungumzo yao. Nikapiga wa pili, mtoto mmoja akaniuliza nitamaliza saa ngapi. Jasho likanitoka. Na pale pembeni, karibu na sinia la vitumbua, alikuwa amesimama Salima, binti wa jirani zetu, msichana ambaye nilikuwa namwamkia kwa mwaka mzima bila kupata la zaidi ya "salama." Nikasema moyoni, leo lazima anitazame.

Nikaanza wimbo wa Mwalimu.

Uwanja ukanyamaza. Kisha ngoma ikaingia taratibu, kinanda kikafuata, watu wakasimama kucheza. Nilipofika mwisho wa ubeti, mahali pa kusema Somoe, nikasema Salima. Lilikaa sawasawa, kama lilitungiwa pale. Nikarudia, na kurudia tena. Watu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaniuliza wimbo huo ni wa nani. Nikamjibu, "Wangu."

Salima mwenyewe, nikwambie ukweli, hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anachagua vitumbua visivyoungua. Baadaye aliolewa na dereva wa lori, na nilikula pilau ya harusi yake kwa amani kabisa.

Alhamisi nikaenda somoni kama kawaida, gitaa begani. Karakana ilikuwa kimya. Fundi Issa alikuwa amekaa juu ya benchi lake la kazi, mikono juu ya mapaja, na hapakuwa na ubao wowote mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uliupiga wimbo?"

"Niliupiga."

"Uliupiga vizuri?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Watu walicheza?"

"Walicheza."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha mbao. "Mama yako Somoe alikuwapo uwanjani. Alikaa na kina mama wenzake. Alisikia wimbo wake, na jina la mtu mwingine ndani yake. Alirudi nyumbani akaniuliza, Salima ni nani. Nikamwambia simjui Salima yeyote. Akaniuliza, basi wimbo wangu umempa nani. Nikakosa jibu, maana sikuwa nimemwambia kama nakufundisha wimbo huo. Kesho yake alfajiri amekunja mkeka wake, amekwenda kwa kaka yake, huko Mahurunga karibu na mto."

Nilipiga magoti kwenye vumbi la mbao. Hakuniinua, wala hakunifukuza.

"Toka nikatike vidole," alisema, "hajausikia wimbo ule. Nilimwambia umekwisha. Alilia siku ile, kisha hakuuliza tena. Ulipokuja wewe nikasema, huyu kijana atakuwa vidole vyangu. Nilikuwa nataka uje nyumbani siku ambayo ungekuwa tayari, ukae naye uani, umpigie. Nimeihesabu siku hiyo kwa mwaka mzima, Selemani. Sasa ameusikia, lakini ameusikia hivyo."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Angenipiga, mwanangu, ningelala usiku ule.

Nilimwambia, "Mwambie ni mimi niliyekosa."

"Mimi nikimwambia, ataona najitetea."

Akachukua gitaa, akalifunika khanga yake, akalitundika. Nikatoka. Na hapa nitakwambia aibu yangu nyingine: siku tatu nilijificha. Nilipita njia ya mbali ili nisipite Chikongola. Nilijiambia kwamba mambo ya mume na mke humalizwa na wenyewe, kwamba mimi ni mtoto tu, kwamba Bi Somoe atarudi. Mtu akitaka kukimbia hakosi maneno. Siku ya nne niliona kupitia mlango wa karakana Fundi Issa anakula muhogo mkavu aliouchoma mwenyewe, umeungua upande mmoja, anaukwangua kwa patasi. Sikuweza tena.

Kesho yake sikwenda kibaruani. Niliondoka kabla jua halijachomoza, nikashika njia ya Mahurunga. Nilipita kwetu Ziwani bila kuingia nyumbani, kwa kuwa sikutaka mama auone uso wangu. Njia ya kule ni mchanga, mguu unazama. Nilifika jua limeanza kuinama, na harufu ya mto iko hewani.

Bi Somoe alikuwa uani kwa kaka yake, anamenya muhogo wa kuanika makopa, pamoja na wifi yake. Kaka yake, Mzee Ali, alikuwa anasuka kamba. Niliamkia, wakanipa kigoda. Sikuketi.

"Mama," nilisema, "nimekuja kusema kosa langu, na naomba nilisemee hapa mbele ya wote."

Nikalisema lote. Kwamba wimbo nilifundishwa mlango umerudishwa. Kwamba nilikubali kwa kinywa changu usitoke. Kwamba jina nililiweka mimi, kwa ajili ya msichana ambaye hata hajui kama nipo. Kwamba nilipoulizwa wimbo ni wa nani nilisema wangu. Kwamba mumewe alikuwa ananiandaa nije nimpigie yeye.

Kisu chake hakikusimama. Ganda la muhogo lilikuwa linatoka refu, linaanguka, anachukua mwingine.

"Salima huyo ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba, Mama."

"Na anakupenda?"

"Hapana."

Mzee Ali akaangua kicheko, kamba ikamtoka mkononi. Yeye Bi Somoe hakucheka.

"Issa amekufundisha mpaka wapi?"

"Sehemu ya kwanza na ya pili."

"Ya tatu je?"

"Sikujua kama ipo."

Hapo ndipo kisu kilipotulia. "Ipo," alisema. "Haina maneno. Tulikuwa na binti, Mwajuma. Alifariki tukiwa tumevuka mto kuja huku, hajatimiza miaka miwili. Baba yake hakuweza kusema kitu, siku nyingi. Halafu asubuhi moja alikaa mlangoni akaongeza sehemu hiyo kwenye wimbo wangu. Kwenye wimbo huo wewe umewachezesha watu ukumbini kwetu tu, mwanangu. Chumba cha ndani ulikuwa hujakiona."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wasionijua. Bi Somoe alinimiminia maji kwenye kata, akaningojea ninywe.

"Nenda ukamwambie mwalimu wako aje mwenyewe," alisema. "Aje na gitaa."

Nililala kwa Mzee Ali, na kulipokucha nikarudi. Fundi Issa hakuwa anajua nilikokwenda. Nilipompa habari aliweka randa chini.

"Amesema na gitaa?"

"Amesema na gitaa."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mwalimu."

Akakaa. Kisha akainuka akatafuta wembe, akanyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, akavaa kanzu yake ya Idi. Tulitafuta baiskeli ya kuazima, na kesho yake mapema nikampakia nyuma, gitaa mgongoni kwake. Penye mchanga tulishuka tukasukuma. Njia nzima alisema mara moja tu. Aliniuliza, "Amekonda?" Nikamwambia hapana.

Tuliingia uani adhuhuri imekaribia, muhogo ulioanikwa umejaa juu ya vichanja. Waliamkiana kwa heshima sana, kama watu waliokutana jana. Tukatandikiwa jamvi. Bi Somoe akarudi kwenye muhogo wake. Mwalimu akanipa gitaa.

Nilipiga sehemu ya kwanza, na mara hii nilisema Somoe. Nilipiga ya pili. Kisha nikakoma, kwa kuwa palikuwa ndio mwisho wa ninachokijua.

Fundi Issa alisogea. Akakaa nyuma yangu kidogo, bega lake likagusa langu, akapitisha mkono wake wa kulia mbele, ule mzima, akauweka juu ya nyuzi. "Wewe bonyeza," aliniambia sikioni. "Mimi nitapiga."

Basi gitaa moja tukalipiga watu wawili. Yeye ananong'ona, "Alama ya tatu. Teremka. Shikilia hapo, usiachie," nami nabonyeza, na mkono wake unatoa sauti ambayo mimi kwa mwaka mzima sikuwahi kuitoa. Tulikwenda polepole mno. Mara nyingine nilichelewa, naye alinisubiri. Nilisikia pumzi yake inabadilika shingoni kwangu, nikajua analia, nikakaza macho kwenye alama za penseli.

Tulipomaliza niliinua macho. Mzee Ali alikuwa ameinamia kamba yake. Bi Somoe alikuwa ameweka mikono yote miwili ndani ya bakuli la maji ya muhogo, na alikuwa anamtazama mumewe.

"Mmekosea pale karibu na mwisho," alisema. "Rudieni."

Tukarudia. Tulirudia mara tatu mchana ule, mpaka alipotikisa kichwa kuridhika. Kisha akajifuta mikono kwa khanga, akaingia ndani, na tukamsikia anaukunja mkeka wake.

Mwanangu, Fundi Issa alinifundisha miaka mingine sita baada ya hapo, Alhamisi kwa Alhamisi, na sasa Bi Somoe alikuwa anaingia na kukaa. Wote wawili wamekwisha kutangulia. Nimepiga nyimbo nyingi mahali pengi, lakini ule sikuupiga tena mbele ya watu, na hata wewe sitakufundisha. Usinune.

Nasaha yangu ni hii. Mwalimu anayekaa na wewe peke yako, mlango umerudishwa, hakupi vidole tu. Anakupa na mambo ambayo hakuwapa wengine, na mengine atakupa bila kukueleza yana uzito gani. Usiharakishe kuyatoa nje kwa sababu mkono wako umeshayaweza. Akikwambia subiri, subiri, hata kama sababu huijui. Ukiulizwa kitu ni cha nani, sema ni cha nani, na jina la mwenyewe liache mahali alipoliweka. Na ukikosa, kwa kuwa utakosa kama nilivyokosa mimi, usimtume mtu akusemee, wala usikae siku tatu kama nilivyokaa. Nenda kwa miguu yako, ukaliseme kosa lote bila kulipunguza, tena mbele ya hao hao lililowaumiza. Utaona aibu, ndiyo. Aibu hiyo itapita, na nyumba ya mtu itabaki imesimama.

Mungu akulainishie vidole na moyo pia. Akupe mwalimu mwenye subira, na siku moja akupe mwanafunzi utakayemsikiliza umefumba macho. Riziki yako iwe ya halali, usingizi wako uwe wa raha, na popote utakapokaa kupiga, awepo mmoja anayekupenda kiasi cha kukwambia umekosea wapi. Amina, mwanangu. Amina.